Mlezi Aliyeitika Kila Ijumaa

Chumba alichofanyia kazi marehemu mume wangu kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, meza mbili, na mashine ile. Ni kubwa kama kabati la vyombo lililolazwa ubavu, rangi ya majivu, na ndani yake mna feni zinazovuma kutwa kucha, hata mgeni huuliza kama tunasaga nafaka. Siku anakwenda hospitali mara ya mwisho, mume wangu alishika fremu ya mlango wa chumba hicho akaniambia, "Mke wangu, hii isizimwe."

Hakueleza zaidi, na mimi sikumuuliza. Mtu anayetafuta pumzi ya kufikia gari humuulizi habari za feni. Nikaipokea kama amana. Umeme ukikatika na kurudi, mimi ndiye wa kwanza chumbani: bismillahi, kitufe cha nyuma, kitufe cha mbele, nangoja taa ya kijani. Vumbi nalifuta kwa kitambaa kikavu, maji hayakaribii. Nguo zilizogoma kukauka nazitandika juu yake, maana mgongo wake una joto zuri.

Jirani wa juu, fundi cherehani, hushuka kila mara kuazima pasi, na hapiti mlangoni bila neno.

"Shoga, bado unalea friji lisilo na chakula?"

"Nalea."

"Litakuzika hilo."

"Mungu ndiye ajuaye wa kuzikwa. Chukua pasi uende, waya wake umelegea."

Ndivyo tulivyoishi, mimi na mwanangu. Binti yangu ndiye kifungua mimba na ndiye kitinda mimba, maana Mola alinipa mmoja akafunga mlango. Asubuhi anakwenda ofisi ya bima. Alasiri anarudi, anakunywa chai wima, kisha anaingia kwenye chumba cha baba yake na kukaa meza ya pili kufanya kazi nyingine, isiyo na mshahara wala likizo. Mapenzi ya kazi hiyo aliyarithi kwa baba yake, kama wengine wanavyorithi pua.

Mimi nimesoma shule ya msingi tu, lakini kazi hiyo niliielewa, kwa sababu marehemu aliwahi kunieleza nikiwa napiga pasi. Mtu anayetunga programu huandika kwa maneno ambayo binadamu anaweza kuyasoma. Mashine maneno hayo haiyajui. Katikati lazima akae mkalimani, na mkalimani huyo ndiye kompaila. Sasa mashine nazo ni makabila, kila kabila na lugha yake, kwa hiyo mkalimani hana budi kuzijua zote. Kompaila waliyoishughulikia yeye na mwanangu ni ya wote. Yeyote anaichukua, anaifungua, anairekebisha, bila kumlipa mtu. Wanaoitunza wametawanyika huko na huko, na wengi wao hawajawahi kuonana ana kwa ana.

Mwanangu hamgusi mkalimani mwenyewe. Anatunza ukurasa wa ahadi. Humo mmeandikwa kila aina ya mashine na daraja lake. Daraja la kwanza ni mashine ambazo watunzaji wameapa kuwa kompaila itafanya kazi juu yake, na badiliko haliingii mpaka lijaribiwe kwanza. Daraja la pili ni mashine zenye mlezi, yaani mtu aliyejitolea akasema: hii ikiharibika, niiteni mimi. Daraja la tatu, maandishi yapo, lakini ukikwama ni shauri yako na Mola wako.

Mashine ya mume wangu ilikuwa ya daraja la pili. Ni aina ya zamani, kiwanda kilichoitengeneza kilishafungwa, na mlezi wake aliyebaki alikuwa mume wangu.

Mlezi asiyeitika si mlezi. Kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa hupigwa wito: kila mlezi aseme yupo. Mume wangu alikuwa akiuchukia. Nakumbuka alivyokuwa akilalamika na miwani kichwani, "Uko hai, uko hai! Kwani mimi nimelazwa? Siku nikifa watasikia kimya."

Mwanangu akacheka, akamhurumia, akawahurumia na wengine waliochoka kama baba yake. Akaongeza kifungu kwenye ukurasa: mlezi ambaye mashine yake imetuma ripoti ya majaribio karibuni, ahesabiwe ameitika. Walimshukuru sana. Na mume wangu, fundi wa kupenda urahisi, akaiagiza mashine yake ifanye majaribio ya kompaila kila Ijumaa na kupeleka ripoti yenyewe, kwa jina lake. Imepita au imefeli. Na chini yake maneno mawili aliyoyaweka kwa mkono wake: Niko hapa.

Kisha akafa. Na kimya hakikusikika.

Hayo ya ripoti sikuyajua wakati ule. Nilichojua ni kwamba kila Ijumaa, jioni inapoanza, mwanangu alikuwa akitazama kioo cha kompyuta yake, anatulia kidogo kama aliyepigiwa hodi, kisha anaendelea. Niliona, nikanyamaza. Mtoto mkubwa humfukui, unamsubiri.

Siku moja nilikuwa kwenye korido nakunja shuka, naye yuko kwenye mkutano na wenzake. Sauti zinatoka kwenye kompyuta, wanaongea lugha yao ya kazi ambayo mimi siijui. Mara wakacheka. Kicheko hakihitaji mkalimani. Kuna cha furaha na kuna cha kumvua mtu nguo. Hiki kilikuwa cha pili. Mwanangu hakucheka. Mkutano ulipokwisha alibaki ameinamia meza, paji la uso juu ya mikono.

"Walikuwa wanamcheka nani?" nikamuuliza.

Akasema bila kuinua kichwa, "Baba."

Nikaweka shuka chini. "Baba yako amekufa."

"Wao hawajui, Mama."

Ndipo akanieleza yote, bila kuniangalia, anazungusha kifuniko cha kalamu. Kwamba mashine ninayoifuta vumbi imekuwa ikiitika kwa jina la baba yake tangu tumzike. Kwamba wito ukipigwa, yeye mwenyewe anafungua ukurasa, anaona ripoti ya Ijumaa, anaweka alama kuwa mlezi yupo. Na sasa mtu mmoja amebadilisha kitu ndani ya kompaila, mashine za aina yetu zimeharibikiwa, na mlezi anaitwa aje atengeneze. Kila akiitwa, Ijumaa inafika, mashine inajibu: Imefeli. Niko hapa.

"Wanasema nini?"

"Wanasema, upo, upo, basi tengeneza! Mwingine ameandika, mlezi gani huyu, mtoto analia ndani yeye anachungulia dirishani anasema yupo. Ndiyo waliyokuwa wanacheka."

"Wewe huwezi kutengeneza?"

"Mimi naandika ahadi, Mama. Kutengeneza ndani ni ufundi wa Baba. Nimejaribu mpaka macho yameniuma. Siwezi."

Nikakaa kwenye kiti cha mume wangu. Feni zinavuma. "Kwa nini hukuwaambia tangu mwanzo?"

"Ijumaa ya kwanza ilikuwa wiki ileile ya msiba. Nimefungua, naona jina lake, naona 'Niko hapa.' Ningeandika nini, Mama? Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo nayo ikasema ijayo." Akafuta pua kwa kiganja kama alivyokuwa mdogo. "Halafu kuna Bwana Maji."

Bwana Maji ni jina alilompa yeye. Ni mtu wa mji mdogo sana huko mbali, anaendesha pampu za maji kwa mashine za aina yetu, maana ndizo walizoachiwa na hawana nyingine. Mashine zikishuka daraja, kompaila zitakazokuja zitamwacha nyuma. Kila mwaka alikuwa akimwandikia mume wangu salamu na shukrani. Tangu msiba, mwanangu alikuwa akizisoma na kuziacha bila majibu.

Ukweli ni kwamba nusu yangu ilifurahi. Kwamba kuna mahali, hata kama ni ndani ya nyaya, mume wangu bado anasema yuko hapa. Usiku ule nilikaa juu ya msala muda mrefu na tasbihi haikusogea. Nilikuwa namwombea maghufira mtu ambaye nyumba yangu mwenyewe inamtolea ushahidi kuwa hajafa. Maiti haitwi, anaombewa. Hayo mawili hayakai chumba kimoja.

Asubuhi nikamwambia mwanangu, "Waandikie."

"Nitawaandikia."

Hakuwaandikia. Sikumlaumu kwa mdomo. Nilimwona akirudi kutoka ofisini, anafungua ukurasa, anaandika sentensi, anaifuta, anakwenda kusimama kwenye beseni la kuoshea vyombo bila kufungua maji. Alianza kusahau chai mpaka inaota ngozi. Nguo zikawa zinamkaa kama zimetundikwa msumarini.

Kisha ikaja Jumatano. Aliingia hata salamu ikabaki mdomoni.

"Mratibu wetu amenipa kazi," akasema. "Ijumaa hii ripoti ikija imefeli tena na mlezi hajafanya kitu, niandike pendekezo la kuishusha mashine. Na sababu iandikwe wazi."

"Sababu gani?"

"Mlezi yupo lakini amepuuza."

"Amepuuza nani?"

"Baba, Mama. Ndivyo kanuni inavyosema. Aliyekufa au aliyejiuzulu ana kifungu chake. Aliyepo na haitikii kazi, anaandikwa mzembe. Na ukurasa ule haufutiki, hata ukibadilishwa, wa jana unabaki."

"Na nani ataandika?"

"Mimi ndiye mlinda ukurasa."

Tukatazamana. Baba yake alikuwa mtu wa kuamka na homa kwenda kumrekebishia mtu asiyemjua kitu asicholipwa. Leo mwanawe mwenyewe ndiye aandike kuwa alikuwa mzembe, kwa sababu hatuna ulimi wa kusema amekufa.

"Nitafikiri," akasema, akaenda kulala na viatu.

Alhamisi niliswali alasiri, nikabaki nimekaa. Nilifikiri habari ya amana. Amana ni kutunza kitu cha mtu mpaka akirudie, au mpaka ijulikane harudi. Mume wangu alisema isizimwe; hakusema iseme uongo. Angejua itakuja kumtukanisha, angeizima mwenyewe kabla ya kuvaa viatu vya hospitali. Nikaingia chumbani, nikaondoa taulo lililokuwa linakauka mgongoni mwake, nikalikunja. Kuwasha nilijua. Kuzima sikuwahi kufundishwa. Nikabonyeza kitufe cha mbele, haikujali. Nikakibonyeza nikakishikilia kama mtu anayeziba tundu la maji, na moyoni nasema, nisamehe mwenzangu, nisamehe. Taa ya kijani ikazimika. Feni zikapunguza mwendo taratibu, zikasimama.

Sikujua nyumba yetu ina saa ya ukutani inayolia kiasi kile.

Sauti ikatoka juu dirishani. "Shoga! Umeme umekatika kwenu?"

"Upo!"

"Mbona kimya? Nimeshtuka hata sindano imenichoma!"

"Nimelizima."

Akashuka na kidole mdomoni. Alisimama mlangoni akaitazama mashine, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Pole," akasema. "Nilikwisha kulizoea, ujue. Nilikuwa nashona kwa mvumo wake." Akakaa na mimi mpaka magharibi, kisha akakumbuka kuwa hata pasi hakuja kuichukua.

Mwanangu usiku ule hakuingia chumbani. Alikula kidogo akalala. Ijumaa alirudi mapema, maana alikuwa na jambo la kufanya na hakutaka kulifanya. Nilimsikia akisimama koridoni.

"Mama."

"Abee."

"Umeme upo?"

"Upo. Ingia ukae."

Akaingia. Akaweka mkono juu ya mashine. "Imezimwa tangu lini?"

"Jana. Mimi ndiye. Leo mashine haisemi kitu, mwanangu. Sema wewe."

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alikaa na mkoba wake bado begani, mikono mapajani, kama abiria aliyeachwa na gari la mwisho na hana tena haja ya kukimbia.

"Nimechoka, Mama."

"Najua."

"Wataniuliza kwa nini nilinyamaza."

"Watakuuliza."

"Wakiniondoa kwenye ukurasa?"

"Wakikuondoa, utalala."

Akacheka kidogo, kicheko kikageuka, nikamwacha kikaisha chenyewe. Kisha akavua mkoba, akafungua kompyuta yake. "Nianzeje?"

"Anza na kilichotokea. Mlezi wa mashine hii amefariki dunia."

Akaandika. "Halafu?"

"Alipokuwa hai, aliitika kila alipoitwa."

Akaandika hiyo pia, polepole.

"Tangu afe, iliyokuwa ikiitika ni mashine yake. Na mimi, mwanawe, nilijua."

Vidole vikasimama. "Hiyo ya mwisho ni lazima?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza. Tumeiweka mwisho kwa sababu ni nzito."

Akaiandika. Alisoma yote kwa sauti ya chini, mara akapunguza neno, mara akaongeza kuwa kifungu kile cha ripoti alikitunga yeye na kwamba kilikuwa kibaya. Kisha akabonyeza, akafunga kompyuta upesi kama mtu anayefunika chungu kinachochemka.

Majibu yalikuja siku zilizofuata, naye alinisomea tukiwa jikoni. Wengi walitoa pole. Yule wa mtoto analia dirishani aliandika maneno mengi ya kuomba radhi, mpaka mwanangu akamwonea huruma. Mmoja hakutoa pole. Alisema mlinda ahadi ndiye aliyevunja ahadi, na watu wengine wawe wanaamini nini sasa. Nilimuuliza amemjibuje. "Nimemwambia ni kweli," akasema. Basi, ikaishia hapo.

Mashine ilishushwa daraja la tatu. Sababu iliyoandikwa ni kwamba mlezi amefariki. Jina la mume wangu likatolewa kwenye jedwali.

"Wamemweka wapi?" nikauliza.

"Hakuna pa kumweka, Mama. Jedwali ni la walezi waliopo tu."

"Sawa. Anako alikowekwa."

Bwana Maji naye aliandika. Alimpa mwanangu pole ndefu, akataja vitu ambavyo mume wangu aliwahi kumsaidia na sisi hatukuvijua. Mwisho akasema atabaki na kompaila ya zamani, pampu zitaendelea hivyo hivyo mpaka zichoke zenyewe, baada ya hapo ataona. Mwanangu alitafuta kama yupo mtu wa kuchukua ulezi. Aliuliza huku, akauliza kule. Hakuna aliyejitokeza mpaka leo. Ninapochota maji namkumbuka mtu yule nisiyemjua, namwombea pampu zake.

Mwanangu hawakumwondoa. Mratibu alimwandikia kuwa wamelizungumza, kosa limeonekana, na wanamwomba aendelee. "Si kwa sababu wamenisamehe wote," mwanangu akaniambia. "Waliuliza nani anataka kazi hii, kila mtu akaangalia pembeni."

Akaendelea, basi. Alifuta kile kifungu chake akaandika kingine: ripoti ya mashine si jibu la mtu, mlezi akiitwa, ajibu mwenyewe, kwa maneno yake. Walinung'unika sana. Walisema anawarudisha nyuma, anawapa kazi juu ya kazi. Aliwaacha wanung'unike.

Wito wa kwanza wa kanuni mpya ulipopigwa, alileta kompyuta jikoni, mimi namenya vitunguu. Chumba kile siku hizi tunaanikia nguo tu, nazo zinachukua muda mrefu kukauka. Alikuwa anasoma majibu mmoja mmoja na kuweka alama.

"Huyu anasema, nipo, salamu kwa wote."

"Alhamdulillahi."

"Huyu anasema, nipo, lakini mtoto ana homa, mashine sijaifungua siku nyingi, niulizeni tena baadaye."

"Huyo yu hai kabisa."

"Huyu ametukana kwanza, ndipo akasema yupo."

"Na huyo pia."

Akatabasamu, akaendelea kusoma. Kisha akasimama kwenye jibu moja, na uso wake ukatulia kama ulivyokuwa ukitulia zile Ijumaa. Nikaacha kisu.

"Nini?"

"Anasema, 'Niko hapa. Nimechoka.' Hakuongeza kitu."

Juu yetu cherehani ya jirani ilikuwa ikienda na kusita.

"Nimwandike kuwa yupo, Mama?"

"Mwandike," nikasema. "Mashine haichoki."

Akaweka alama, akashuka kwa anayefuata. Vitunguu vilikuwa vimenijaa machoni, nikainuka kwenda kutawadha.